Kona ya Chini ya Dirisha

Tarehe 2 Februari

Shemeji Bisibisi,

Salamu nyingi, na usianze kulalamika kwamba nakukumbuka nikiwa na shida tu. Ni kweli, lakini usilalamike. Ningepiga simu, ila kuzungumza nawe kwenye simu ni kuwatangazia majirani wote. Miaka thelathini ya kugonga mabati ya mabehewa imeyala masikio yako, na jambo hili sitaki kaka yako alisikie kutoka chumbani.

Kaka yako hatembei. Nyonga imepona. Daktari wa mifupa ameitazama picha akasema mfupa umeshika vizuri kuliko wa kijana. Kilichobaki ni kutembea. Mama wa mazoezi anakuja kila Jumanne na Ijumaa, kaka yako anamkaribisha kwa adabu zote, anamuuliza habari za watoto, halafu anageukia ukutani. "Niende wapi?" Ndilo neno lake. Chooni anakwenda kwa kushika ukuta, anarudi, basi. Amenishonesha pazia zito la dirisha la chumbani, eti mwanga unamuumiza macho. Mwanga gani? Hataki kuona watu wanaotembea.

Daktari aliniita pembeni. Alisema tunayo hadi mwisho wa Machi. Asipoanza kutembea kabla ya hapo, mguu utakakamaa, na tutakuwa tunazungumzia kiti cha magurudumu badala ya mkongojo. Nililia siku moja, nikaona kulia hakumsaidii mtu, nikaanza kufikiri.

Nikafikiri hivi: mtu huyu ameendesha treni miaka thelathini na nne. Kama kuna kitu cha kumtoa kitandani, ni hicho. Sasa treni siwezi kuileta uani. Au naweza?

Kwa muuza vyuma chakavu nimekuta kichwa cha treni cha kuchezea. Ni kikubwa, kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, na kina mabehewa matatu. Hakiendi, nyaya zimekatika tumboni, lakini jirani yetu fundi redio anasema atakitia mota na betri, nami nimshonee mashati mawili. Reli hazikuwemo. Dukani zipo, ila nikiambiwa bei yake nitalazwa kando ya kaka yako.

Wewe umetengeneza mabehewa ya kweli. Nieleze jinsi ya kutandika reli nyuma ya nyumba kwa mtu asiye na kitu ila cherehani, masalia ya vitambaa na kichwa kigumu. Yeye asijue. Nataka siku ikiwa tayari nimfungulie pazia aone.

Shemeji yako,
Sindano


Tarehe 9 Februari

Shemeji Sindano,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka, ya pili kwa kufuta machozi. Mke wangu aliponiuliza kuna nini nikasema vitunguu. Hakukuwa na kitunguu ndani ya nyumba.

Kwa hiyo kaka anageukia ukutani. Tangu utotoni ndivyo alivyo, akinuna hata jiko linapoa. Tumwache huko ukutani kwanza, tufanye kazi.

Sikiliza, fundi wa nguo. Reli haina uchawi kama tulivyojidai kule karakana. Chimba mtaro wa kina cha kiganja, shindilia, umwagie kokoto ndogo za ukubwa wa harage. Watu wakijenga nyumba kokoto humwagika njiani, ziombe, uzichekeche. Juu ya kokoto unapanga mataruma, vile vipande vya mbao vinavyolala chini ya reli kama vidato vya ngazi. Vunja makasha ya matunda, kata vipande, loweka siku mbili kwenye oili chafu ya gereji na mchwa hatagusa. Hiyo oili huwa wanaitupa, watakushukuru ukiichukua.

Reli zenyewe zilinitoa jasho, halafu nikakumbuka kazi yako. Zile reli za pazia za alumini, ambazo watu siku hizi wanazing'oa ili waweke mabomba yanayong'aa. Usiniambie huna rundo lake nyuma ya mlango.

Sasa shika hili moja hata ukisahau mengine. Pima magurudumu. Kama kichwa hicho ni cha aina ninayofikiria, kati ya reli na reli ni milimita arobaini na tano, ndani kwa ndani. Na kona zizunguke kwa upana, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Siri yako iko salama. Siri zangu mwenyewe zikisemwa kwa sauti ya kawaida sizisikii.

Bisibisi


Tarehe 18 Februari

Mdogo wangu,

Barua hii nimeibandika gundi mara tatu kwa sababu anayeipeleka posta ni shemeji yako. Ukiikuta imefunguliwa, nijulishe.

Kuna jambo hapa nyumbani. Nakueleza kwa utaratibu, kama ripoti ya safari.

Saa mbili na nusu asubuhi anatoka nyuma ya nyumba. Nasikia jembe. Saa nne anarudi, ananawa, anakaa kwenye cherehani kama hakuna kilichotokea. Saa tisa, jembe tena. Nilimuuliza analima nini, akasema mboga. Mboga gani hupimwa kwa tepu, kamba na vigingi? Nimemwona akipita mlangoni navyo. Jana aliingia chumbani, akasimama, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akatazama pazia, akatabasamu, akatoka. Mdogo wangu, mke wangu anachimba shimo refu nyuma ya nyumba na ananipima kwa macho.

Pili, ananuka oili. Miaka thelathini na saba ya ndoa amenukia sabuni na kitambaa kipya. Sasa ananuka gereji.

Tatu, kuna fundi redio. Redio yetu ni nzima, ninayo hapa kichwani mwa kitanda. Anakuja kufanya nini? Wananong'ona jikoni. Juzi nilimsikia akisema, "Akisikia ikinguruma atashtuka," na shemeji yako akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu nivunjike.

Simshuku mtu. Nakueleza tu. Lakini ningekuwa na miguu ningekwenda kuona.

Nyonga iko vilevile.

Kaka yako,
Breki


Tarehe 24 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua imefika nzima. Gundi yako ilinilazimu kutumia kisu, nikakata nusu ya salamu.

Shimo la mtu mrefu kama wewe halichimbwi na mwanamke mmoja kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, kwa hiyo tulia. Na fundi redio namfahamu, tulikutana naye kwako. Ana meno manne na wajukuu tisa. Kama shemeji amekuacha kwa ajili yake, basi tatizo lako si nyonga.

Unasema ungekuwa na miguu. Ulizaliwa nayo miwili na hospitali ilikurudishia yote. Kutoka kitandani kwako hadi mlango wa nyuma nakumbuka ni hatua ishirini na mbili. Nikikosea nisahihishe, lakini uzihesabu kwanza.

Mdogo wako,
Bisibisi


Tarehe 26 Februari

Shemeji,

Ungeniona! Mikono imekuwa ya fundi magari. Juzi mteja kaleta kitambaa cheupe cha harusi, nikakipokea kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mkia wa panya.

Rundo lilikuwepo nyuma ya mlango, mchawi wewe. Reli kumi na moja. Nne zaidi nimepewa na mama mwalimu wa hapo jirani kwa kumpunguzia sketi zake zote, maana amekonda na anataka tujue. Mataruma nimekata mia mbili na kumi. Kokoto nimechekecha kwa chekeche la unga, kisha nikasahau kuliosha. Jana kaka yako alitafuna mkate, akaacha kutafuna, akanitazama. Nikamwambia ni unga wa siku hizi.

Njia inaanzia karibu na mlango wa nyuma, inapita kando ya mabeseni ya kufulia, inaingia handaki ambalo ni debe lisilo na kitako, inavuka daraja ambalo ni miguu ya chuma ya cherehani yangu ya zamani, halafu inakata kona chini ya dirisha la kaka yako na kurudi. Hiyo kona ndiyo fahari yangu. Niliichora kwenye karatasi ya kukatia nguo jinsi ninavyochora shingo ya gauni, nikaikata, nikailaza chini, nikaifuata. Shingo za mviringo nimekata maelfu, na kona ya treni ni shingo ya mtu mnene tu. Nakutumia nusu ya karatasi uione kwa macho yako.

Wala usifikiri sikuwa makini. Ulisema arobaini na tano. Nikaongeza milimita mbili kila upande, nafasi ya mshono. Nguo ikipwaya utaibana, lakini ikibana umeshaharibu kitambaa cha mtu. Miaka arobaini sijakata kitu sawasawa na kipimo na sitaanza leo. Ni sawa, sivyo?

Kichwa kinanguruma! Siku fundi redio alipokiwasha juu ya meza ya jikoni nilirukaruka, na mimi ni bibi wa watu.

Mama wa mazoezi anasema bado anakataa. Lakini juzi nilimkuta amekaa kitandani wima, ametega sikio.

Sindano


Tarehe 4 Machi

Shemeji,

Karatasi yako nimeilaza sakafuni nikaitazama kwa miwani na bila miwani. Kona iliyokatwa kwa mkono safi namna hii sikuiona hata karakana. Ningekuwa bado kazini ningekuajiri, ungekaa wewe ofisini na mimi nichemshe chai.

Kuhusu hiyo nafasi ya mshono, ulichofanya umefanya. Usiguse kitu.

Ila usingoje siku ya kufungua pazia. Anza kuiendesha sasa hivi, kila asubuhi, pazia likiwa limefungwa. Ipitishe pale chini ya dirisha mara nyingi kadiri betri itakavyoruhusu. Akiuliza, sema ni mboga. Na usiniulize kwa nini.

Bisibisi


Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

Ni treni.

Usijifanye hujui, maana nimemsikia akihesabu mataruma, na mke wangu hawezi kujua taruma ni nini bila kuambiwa na mtu wa karakana. Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nilisikia magurudumu. Mtu aliyeishi na sauti hiyo miaka thelathini na nne haambiwi ni mboga. Kichwa kimoja, mabehewa matatu, la mwisho lina ekseli ya magurudumu iliyopinda. Nililala kimya nikasikiliza, na moyo ulinienda mbio kama siku ya kwanza kukabidhiwa treni. Mke wangu amenijengea treni. Mimi namwaza fundi redio, kumbe yeye anakata mataruma. Niliona haya, nikafurahi, nikavuta shuka usoni.

Halafu ikaanguka. Palepale kwenye kona, chini ya dirisha langu. Inaingia vizuri, gurudumu linadondoka katikati ya reli, kishindo, na mabehewa yote ubavu. Namsikia akisema, "Polepole, mama, polepole." Sijui anajiambia mwenyewe au anaiambia treni. Anaiinua, inakwenda, inaanguka tena. Jumatatu mara sita. Jumanne mara tisa. Leo nimeacha kuhesabu.

Reli ni pana. Sihitaji kuona. Amepitiliza milimita tatu au nne. Mwandikie apunguze, na usimwambie umesikia kwangu.

Utauliza kwa nini nisitoke nikamwambia mwenyewe. Nakujibu kwa barua kwa sababu sitalazimika kuuona uso wako. Mguu hauniumi tena tangu Januari. Unaikumbuka siku yangu ya mwisho kazini. Walijipanga wote jukwaani pale stesheni, wenzangu, wakubwa, wake zao. Nilisimamisha treni bila kikombe kutikisika mezani, ndivyo nilivyopata jina la Breki na ndivyo nilivyotaka kumaliza kazi. Wakapiga makofi. Nikatoka mlangoni nikipunga kofia. Ngazi zilikuwa tatu, ya pili nikaikosa. Miaka yote hiyo sikumwangusha abiria hata mmoja, nikaanguka mwenyewe mbele ya watu mia, na kabla hawajajua nimevunjika, walicheka. Siwalaumu, hata mimi ningecheka. Lakini kila nikisimama kando ya kitanda nakisikia kicheko kile. Naogopa kuanguka mbele ya watu. Basi, nimesema.

Breki


Tarehe 17 Machi

Kaka,

Shikamoo. Siku ile nilikuwepo jukwaani, na mimi pia nilicheka kabla ya kukimbilia kukuinua. Tangu Desemba nataka kukwambia na sina uso. Nisamehe.

Kuhusu reli, sitamwandikia. Mwambie mwenyewe. Mimi niko saa saba kwa basi, wewe uko hatua ishirini na mbili.

Mdogo wako


Tarehe 20 Machi

Shemeji,

Nimeshindwa.

Nimeiendesha kama ulivyoagiza, asubuhi baada ya asubuhi, na inaanguka. Njia yote inakwenda kama bibi harusi, ikifika kwenye kona yangu nzuri inalala chali. Nimebadilisha kokoto, nimeongeza mawe juu ya mabehewa, nimeibembeleza, nimeitukana. Fundi redio anakuna kichwa tu.

Na kaka yako amezidi. Leo amemwambia mama wa mazoezi asije tena wiki ijayo. Tarehe thelathini na moja tunakwenda kwa daktari, na nitampeleka mtu yuleyule niliyemtoa hospitali. Karibu miezi miwili nimechezea makopo na makasha wakati ningekaa naye kitandani nikamsihi. Nilitaka afungue macho aone kitu kizuri. Sasa nimfungulie pazia aone nini? Treni iliyoanguka? Yeye, mtu aliyeanguka? Ni kutia chumvi kwenye kidonda.

Jumamosi ijayo, tarehe ishirini na nane, nang'oa kila kitu. Muuza chakavu amekubali kuipokea. Fundi redio, mama mwalimu na mama wa mazoezi watakuja kunisaidia, wameuzoea ua wangu kama wapangaji. Niambie tu nimekosea wapi, nisije nikafa nikijiuliza.

Sindano


Tarehe 25 Machi

Shemeji,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi ikuwahi. Usiguse hata taruma moja.

Kosa liko kwenye nafasi ya mshono. Chuma hakibanwi kikishavaliwa. Gurudumu linataka arobaini na tano, wewe umeliwekea arobaini na tisa. Penye mnyooko linajikaza, penye kona linazama katikati. Niliona siku ileile nilipoilaza karatasi yako sakafuni, nikanyamaza makusudi. Nitukane baadaye, nimejiandaa.

Namjua kaka yangu. Treni inayokwenda vizuri angeisikiliza kitandani kwa raha zake hadi uzee umkute palepale. Angekushukuru, kisha angegeukia ukuta. Lakini treni iliyolala ubavu hajawahi kuiacha, hata iwe ya nani. Wewe ningekwambia, ungeirekebisha siku hiyohiyo, maana hujui kufanya kazi mbaya kwa makusudi. Nilidhani siku tatu zingetosha. Sasa ni wiki tatu, nimekuliza wewe, na naogopa kwamba nimeuchezea kamari mguu wa kaka yangu. Sina raha kabisa.

Jumamosi kabla hujang'oa, iendeshe mara ya mwisho. Ikianguka usiiinue. Usizime mota. Kaa chini na usiseme kitu, najua kwako hilo ni gumu kuliko kuchimba.

Kama hatatoka, nakuja mwenyewe kuwaomba radhi nyote wawili.

Bisibisi


Tarehe 28 Machi, alasiri

Shemeji mwongo, mnafiki, msaliti, Mungu akupe maisha marefu,

Barua yako nilipewa jana na dereva wa basi, nikaisoma nimesimama, na kama ungekuwa karibu ungepigwa kwa futi ya mbao. Lakini nilifanya ulivyosema, kwa sababu sikuwa na lingine.

Wageni wangu watatu walikaa juu ya makasha. Nikaiwasha. Ikafika kwenye kona, puu, ubavu. Nikaiacha. Magurudumu yanazunguka hewani, mota inalia. Nikakaa juu ya beseni lililogeuzwa nikajiziba mdomo kwa mikono miwili. Dakika moja. Dakika mbili.

Nyuma ya pazia tukasikia: "Zimeni mota!"

Mota ikaendelea kulia.

"Mnasikia? Itaungua hiyo! Zimeni!"

Mama mwalimu alitaka kuinuka, nikamvuta sketi, ile niliyompunguzia, ikachanika. Nitaishona. Halafu, shemeji, nikasikia kitanda. Nikasikia mkongojo. Mkongojo, mguu, mguu. Mkongojo, mguu, mguu. Nilikuwa nalia bila sauti na mama wa mazoezi alikuwa ananiminya mkono hadi damu ikasimama. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na huyo hapo, nguo za kulalia, nywele kama ufagio, amekasirika mpaka masikio.

"Nani alipima hii?"

"Mimi."

"Kwa kipimo gani?"

"Arobaini na tano," nikasema, "na nafasi ya mshono."

"Nafasi ya mshono," akarudia, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Kisha akaanza kuja, ananifokea kila hatua, kwamba reli si gauni, kwamba treni haivai, kwamba amelala wiki tatu akisikia ajali chini ya dirisha lake. Akafika kwenye kona, akainua mkongojo anionyeshe penyewe, na akaanguka. Akakaa chini juu ya rundo la kokoto, miguu mbele kama mtoto.

Akatutazama mmoja mmoja, anangoja. Fundi redio alijitahidi, nampa haki yake, lakini ikamtoka, pfff, kati ya yale meno manne. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, kaka yako anacheka. Anacheka mpaka anashika mbavu, machozi yanamtiririka, na sisi wote tukaachia. Mama wa mazoezi akakimbia kumwinua, yeye akapandisha kiganja. "Niache." Akageuka ubavu, akaweka goti zima, akaweka mkongojo, akasukuma. Ilichukua muda mrefu. Kukaa pale bila kumshika ni kazi ngumu kuliko mataruma yote mia mbili na kumi. Akasimama.

"Koleo," akasema. "Na huo msumeno. Tunaifumua kona yote."

Mama wa mazoezi amemkagua kila mahali, hakuna kilichovunjika. Tangu asubuhi amekwenda jikoni na kurudi kwenye kona mara kumi na moja, anatuagiza kama vibarua. Sasa hivi yuko nje anagombana na fundi redio kuhusu ekseli. Nasikia anasema atakuandikia. Nina hakika atakwambia hakuanguka, alikaa.

Shemeji yako ambaye bado amekukasirikia, kidogo,
Sindano


Tarehe 31 Machi

Mdogo wangu,

Nilianguka. Shemeji yako anadhani nitakana. Nilianguka mbele ya watu wanne, mmoja akacheka, nikacheka, na kokoto zimeniachia alama mahali nisipoweza kumwonyesha mtu. Miezi mitatu na nusu nilikuwa nakikimbia kitu kinachochukua sekunde mbili.

Leo tumetoka kwa daktari. Aliniambia nitembee kutoka mlangoni hadi mezani kwake. Nilipofika akaandika, akaniuliza dawa gani nilitumia. Mke wangu akasema, "Ufundi mbaya." Tumemwacha anatafakari.

Reli sasa ni arobaini na tano, njia nzima. Nimepima mwenyewe kila taruma, yeye akinishikia tepu. Jana treni ilizunguka mara arobaini bila kuanguka, na mke wangu alisimama pale kwenye kona amekunja mikono, ananuka oili, na sijawahi kumwona mzuri kuliko hivyo. Nilimwambia. Akasema nisimkawize, ana gauni la harusi la kumaliza.

Najua ulichofanya. Amenionyesha barua yako. Nilitaka kukukasirikia, nikakosa muda, nilikuwa natembea. Na kile kicheko chako cha Desemba, tumemalizana.

Njoo Jumamosi. Basi lenu linafika saa nane na nusu mchana. Usikodi gari na usimwombe mtu akulete. Nitakuja stendi kukupokea mwenyewe. Kama basi litawahi na hunioni, kaa hapohapo uningoje. Natembea polepole, lakini naja.

Kaka yako,
Breki